Ni D, si A

Umeuliza msimbo V74.6XX wa ICD-10 (orodha ya misimbo ya magonjwa, majeraha na ajali) umalizie kwa A au D kwenye bili ya hospitali ya Marekani. D ndugu yangu, V74.6XXD, maana yule abiria wa basi lililogongana na lori karudi kuangaliwa mkono tu. Hiyo herufi ya mwisho haihesabu karudi mara ya ngapi, inatazama anafanyiwa nini: A bado anatibiwa jeraha lenyewe hata kama yuko kwa daktari wa tatu, D kashaanza kupona, kubadilishwa plasta, eksirei kuona mfupa umeshika, S ni ganzi au kovu lililobaki baadae. Mie nafanya bili za Marekani nipo hapahapa Mwanakwerekwe, Zanzibar, kila siku naona mtu kaweka A kisa mgonjwa mgeni kwenye kliniki yao, bili inarudi. Na V, msimbo wa ajali, usiitangulize, mwanzo kodi, yaani msimbo, ya jeraha (si kodi ya mapato ya ZRA hiyo 😂), mkono uliovunjika kwa chini ni S52.5 na mkia wake wa namba na herufi, V inafuata nyuma. Ila A, D, S ni za toleo la Kimarekani tu, ICD-10 ya WHO (Shirika la Afya Duniani) haina, kwa hiyo basi la kwetu likivaana na lori barabarani msimbo wa ajali wa abiria wake unaishia V74.6 tu.