Kabla ya kununua mtandao wa watu, piga hodi

Jumapili iliyopita mdogo wangu alinipigia simu. Anafanya kazi kwenye kampuni kubwa ya intaneti, na mezani kwao kumeletwa kampuni changa yenye mtandao wa kijamii ulioishiwa. Gharama za seva, yaani kompyuta zinazoubeba mtandao huo, hazijalipwa, vijana walioianzisha wamechoka, na bei imeshuka mpaka wakubwa wameanza kuitamani. "Dada, shikamoo. Hebu niambie ukweli, tununue tusinunue?"

Aliniuliza mimi kwa sababu nimewahi kuwa ndani ya kampuni ya namna hiyo siku iliponunuliwa. Tuliongea mpaka bando lake likakata. Yaliyobaki nayaandika hapa, maana swali lake wanalo wengi.

Kwa miaka minne nilikuwa msimamizi wa mtandao mdogo wa Kiswahili. Ofisi yetu ilikuwa Mwenge, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Tulikuwa sita. Kazi yangu ilikuwa kusoma wanachoandika watu, kufuta matusi, kupatanisha waliogombana na kuwapokea wageni. Mtandao ulikuwa na mabaraza mengi, mengine yamelala kabisa, lakini lilikuwepo moja la usiku ambalo ndilo lililokuwa roho yake. Kuanzia saa tatu watu walianza kuingia. Waliulizana taarab za zamani, nani aliimba na kundi gani, wakajibizana mashairi, wakapeana habari za misiba na harusi. Wengi wa wakongwe wake walikuwa mbali: Maskati, Dubai, Bujumbura, Uingereza. Alikuwepo mama mmoja wa Maskati ambaye kila akiingia aliandika neno moja tu, "Hodi". Kabla hujahesabu kumi, "Karibu" zimeshuka kama mvua.

Tuliponunuliwa mishahara ilikuwa imechelewa miezi mitatu. Siku mkataba uliposainiwa tulilia kwa furaha, na mwenye nyumba alilipwa kodi yake yote mchana ule ule. Mnunuzi alikuwa kampuni kubwa, na sikuona nia mbaya kwao hata siku moja. Walitaka kuunganisha akaunti zetu na zao. Mwezi wa pili likatoka tangazo: kila mtu ajisajili upya kwa namba ya simu ya hapa nchini, na namba ya uthibitisho itatumwa kwenye simu hiyo.

Ukiwa Dar es Salaam hilo ni jambo la dakika moja. Yule mama wa Maskati hakuwa na namba ya Tanzania kwa miaka mingi. Akaniandikia: "Mwanangu, sasa naingilia wapi?" Nililipeleka swali lake kwenye kikao. Nikaonyeshwa chati yenye rangi nzuri: watumiaji wa nje ni wachache, suala lao litaangaliwa robo ya mwaka inayofuata. Ni kweli walikuwa wachache. Ila chati ile haikuwa na safu ya kuonyesha nani anaitikia hodi, na waitikiaji walikuwa ndio hao. Wiki chache baadaye nikaona mgeni ameandika hodi saa nne usiku, na saa tano bado neno lake liko peke yake. Nikamjibu mimi. Usiku uliofuata nikawajibu wawili. Mwaka haukuisha, baraza likafungwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililomwambia mdogo wangu ni hili: programu mnaweza kuiandika wenyewe. Kinachouzwa pale ni mazoea ya watu kuitikiana, na mazoea hayo hayamo kwenye seva wala kwenye hati ya mauzo. Kabla ya bei, ulizeni wamepungukiwa nini. Kuna mtandao wenye njaa, yaani watu wapo ila fedha hakuna, na kuna mtandao ulioachwa na watu wake. Ukiitazama kwa hesabu za fedha inafanana, yote ina madeni. Wa kwanza nunueni. Wa pili msinunue hata kwa bei ya kutupa.

Wa njaa naujua vizuri kwa sababu niliishi ndani yake bila kujua historia yake. Mwaka 2006 nilianza kuandika blogu kwenye intaneti kafe ya Sinza, nikilipia kwa nusu saa. Nilikuwa naandika kwanza kwenye daftari nyumbani ili nikifika pale nichape tu nisipoteze dakika. Nilitumia Blogger, huduma ya bure ya kuchapisha blogu, kama karibu kila mtu niliyemfahamu. Mwanablogu Ndesanjo Macha na blogu yake ya Jikomboe walishatufungulia njia, na mwaka 2005 mpiga picha Issa Michuzi, akiwa safarini Helsinki, akaanzisha issamichuzi.blogspot.com, ukurasa ambao Watanzania wa ndani na nje walikutana kwenye maoni yake kama watu wa mtaa mmoja.

Nyumba hiyo tuliyokaa bure ilikuwa imenusurika kubomoka. Blogger ilitolewa Agosti 1999 na Pyra Labs, kampuni ndogo ya San Francisco iliyokuwa ikitengeneza programu ya kusimamia miradi ya kazi. Blogger ilikuwa kitu cha pembeni kikapendwa kuliko cha katikati. Mwanzoni mwa 2001 fedha zikaisha. Watumiaji waliombwa wachangie seva, wakachangia, lakini michango hailipi mishahara. Wafanyakazi wakaondoka, akiwemo Meg Hourihan aliyeianzisha kampuni hiyo pamoja na Evan Williams, akabaki Williams peke yake na mashine. Februari 2003 Google wakainunua. Waliipa seva, wakaliacha jina lake, na vitu vilivyokuwa vya kulipia vikawa bure. Mwaka uliofuata Williams aliondoka Google, na baadaye alikuwa miongoni mwa walioanzisha Twitter, lakini Blogger iliendelea kuwepo, na sisi tukaingia.

Tazama kilichopungua pale. Watu walikuwepo, tena wakiipenda mpaka kutoa fedha zao mfukoni. Mashine na mishahara ndivyo vilivyokosekana, na mnunuzi alikuwa navyo vya kumwaga.

YouTube ni hivyo hivyo kwa ukubwa mwingine. Google walipoinunua Oktoba 2006 kwa hisa za dola bilioni 1.65, wapo waliodhani wamepoteza akili. Kampuni ilikuwa na wafanyakazi wasiofika 70, gharama za kurusha video zikipanda kila siku, na kesi za hakimiliki zikinukia. Viacom, kampuni ya Marekani ya televisheni na filamu, waliwashtaki Machi 2007 wakidai dola bilioni 1. Lakini video milioni 100 zilikuwa zikitazamwa kwa siku. Google walikuwa na mitambo, mawakili na biashara ya matangazo, yaani kila kilichokuwa kinawaumiza wale vijana. Jina likabaki, ofisi ikabaki, na Google Video, mtandao wao wenyewe, ndio uliokuja kuacha kupokea video mpya mwaka 2009.

Sasa chukua Bebo. AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, walilipa dola milioni 850 mwaka 2008 kwa mtandao uliopendwa na vijana wa Uingereza na Ireland, wakati vijana hao hao wameshaanza kuhamia Facebook. Miaka miwili baadaye wakauondoa mikononi mwao kwa sehemu ndogo sana ya bei ile, na mwaka 2013 waanzilishi wake waliununua tena kwa dola milioni 1. Fedha za AOL zilikuwa nyingi, ila rafiki aliyehama harudishwi na fedha. Anawafuata wenzake.

Tumblr, mtandao wa blogu fupi na picha, ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inafanana na yetu. Yahoo waliinunua mwaka 2013 kwa dola bilioni 1.1, na mkurugenzi wao, Marissa Mayer, akaahidi hadharani kwamba hawataiharibu. Tumblr ilikuwa na watu wake, wachoraji, waandishi, mashabiki wa tamthilia, watoto waliokosa pa kusemea nyumbani. Ilichokosa ni mapato. Kwa maneno yangu ya juu, huo ni mtandao wenye njaa, na mtu angesema nunua. Lakini bei ile ilitaka mapato makubwa kutoka kwa watu ambao hawakuja pale kutazama matangazo. Mwaka 2016 Yahoo walikata thamani yake vitabuni mara mbili, jumla dola milioni 712. Mwaka uliofuata Yahoo yenyewe ikauzwa kwa Verizon, kampuni ya simu ya Marekani, na Desemba 2018 picha za utupu zikapigwa marufuku kwa mashine ya kuchuja ambayo ilifuta na picha zisizo na hatia. Watu wakaondoka kwa makundi. Mwaka 2019 Tumblr ikanunuliwa na Automattic, kampuni ya WordPress.com, na vyombo vya habari viliripoti bei isiyofika dola milioni 3.

Kwa hiyo bei yenyewe inaweza kuwa sumu. Ukinunua kwa bei inayokulazimisha kukamua, utakamua, hata kama siku ya kwanza uliapa kwa moyo mweupe. Mdogo wangu aliposema "bei imeshuka", hilo ndilo nililolifurahia kuliko yote. Bei ndogo inawapa muda wa kutulia.

Suala la akaunti pia si letu peke yetu. Yahoo hao hao walikuwa wamenunua Flickr, mtandao wa kuweka picha, mwaka 2005, na mwaka 2007 wakawalazimisha wanachama wa zamani waingie kwa akaunti za Yahoo. Watu walipiga kelele sana, na mimi nikisoma habari ile leo namwona yule mama wa Maskati. Kama mtanunua, mlango wa kuingilia uacheni ulivyo kwa mwaka mzima. Mwaka mzima, mdogo wangu. Unganisheni mashine za nyuma, lipeni madeni, badilisheni umeme, mlango acheni.

Na kama hamna watu wa kuuhudumia, acheni kabisa. Google hiyo hiyo iliyoiponya Blogger ilinunua Dodgeball ya New York mwaka 2005, huduma ya kuwajulisha rafiki zako uliko kwa ujumbe wa simu. Waanzilishi waliondoka 2007 wakilalamika kuwa hawakusaidiwa, na 2009 ikafungwa. Mwaka huo huo mmoja wao, Dennis Crowley, akaanzisha Foursquare, huduma ya namna hiyo hiyo. Njaa inaweza kuendelea hata nyumbani kwa tajiri, kama hakuna aliyetumwa kupika.

Mtajuaje basi kama ni njaa au watu wameondoka? Msitazame idadi ya waliojisajili. Sisi tulikuwa na majina maelfu ya watu ambao hawakurudi tena. Fungua akaunti mpya kwa jina lisilojulikana, ingia jioni watu wakishatoka kazini, uliza swali la kweli. Kisha hesabu dakika. Fanya hivyo wiki mbili, mabaraza tofauti. Mgeni akibisha hodi akaitikiwa na watu tofauti, nyumba ina wenyewe. Akiitikiwa na mtu yule yule kila siku, huenda huyo ni msimamizi anayepigania kibarua chake, kama nilivyokuwa mimi mwishoni. Kisha kaa na wasimamizi, hasa wa kujitolea, kabla hujakaa na waanzilishi. Waulize majina ya watu kumi ambao wakiondoka mtandao utakufa. Msimamizi wa kweli atayataja bila kufungua kompyuta. Majina hayo yaandikeni, na kila badiliko mnalopanga lipimeni kwao kwanza.

Kwenye makaratasi nitapita haraka, wanasheria mnao. Muungano wa kampuni ukivuka kiwango fulani lazima Tume ya Ushindani ijulishwe. Taarifa za watumiaji nazo zina ulinzi: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019. Ila hata pale sheria inaporuhusu, waambieni watu mapema na kwa lugha yao kwamba nyumba inabadilisha mmiliki. Sisi watumiaji wetu walisikia kwenye habari, na wengine hawakutusamehe.

Jana usiku mdogo wangu amenitumia picha ya skrini. Amefungua akaunti, ameuliza mahali pa kutengenezea cherehani ya mkono ya marehemu bibi yetu. Jibu la kwanza limekuja baada ya dakika nne, kutoka kwa mtu wa Goma ambaye hana msaada wowote wa fundi, anataka tu kujua cherehani ni ya aina gani kwa sababu mama yake anayo kama hiyo. Kisha mtu wa Lindi. Kisha wawili wa Dar, wanabishana kuhusu fundi wa Kariakoo.

Alhamisi ana kikao. Nimemwambia auchapishe ukurasa huo wote, amwekee mkubwa wake mezani juu ya zile hesabu za madeni, na aulize kama huyo mtu wa Goma ataweza kuingia baada ya mauzo.