Karafuu nunua nzima, achana na ya unga

Kwa miaka mingi mi nilikuwa natumia karafuu ya unga, zile pakti ndogo zinaning'inia dukani, naweka kwa chai kila asubuhi juu nilisikia ina antioksidanti nyingi kuliko viungo vingine, yaani vitu vya kutuliza chembe zinazoharibu mwili, halafu siku moja nikanusa ile unga nikaona haina harufu kabisa, ni vumbi tu.

Mama mmoja anauza viungo Eastleigh ndiye alinionyesha. Alitia karafuu zake kwa glasi ya maji, zingine zikazama na zingine zikasimama wima kichwa juu, kisha akatia za bei ya chini na zote zikaelea zimelala. Akaniambia, "Hizi zilishakamuliwa mafuta, mwanangu, unanunua makapi." Na ya unga ndio mbaya zaidi, juu hujui kama wamesagia makonyo, vile vijiti vya karafuu, ndani, na huwezi kuipima kwa maji.

Hayo mafuta ndiyo muhimu. Sehemu yake kubwa inaitwa eujenoli, ndiyo inaleta harufu na ile ganzi ya ulimi, na ndiyo antioksidanti yenyewe. Radikali huru ni chembe zinazokosa elektroni, basi zinapokonya kwa jirani na kumharibu, sasa eujenoli inaipa radikali haidrojeni yake na inatulia. Kwa hivyo karafuu isiyo na harufu haina mengi ya kukupa.

Lakini tafadhali usiache dawa za daktari juu ya hii. Zile namba kubwa za antioksidanti ya karafuu unazoona zikisambazwa WhatsApp zilipimwa kwa maabara, si ndani ya mwili wa mtu, na Idara ya Kilimo ya Marekani yenyewe iliondoa jedwali lake la namba hizo mwaka wa 2012 juu watu walikuwa wanazitumia vibaya kuuza bidhaa. Mi nakunywa kwa sababu chai inakuwa tamu, hizo faida zingine zikija nashukuru.

Mafuta ya karafuu ya chupa ni kitu kingine kabisa na hapa nasema kwa uchungu: yaweke mbali na watoto. Kuna watoto waliomeza kiasi kidogo tu wakaharibika ini. Jino likikuuma tafuna karafuu moja taratibu upande huo upate nafuu, halafu uende kwa daktari wa meno, juu ganzi haizibi tundu. Na kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, ama unangoja upasuaji, muulize daktari kabla hujaanza kuitumia kila siku.

Siku hizi nanunua kidogo kidogo, naweka kwa chupa ya glasi yenye kifuniko cha kukaza, mbali na jiko. Mbili zinatosha sufuria ya chai, naziponda palepale. Kwa pilau nazitupa nzima kwa mafuta ya moto kabla ya vitunguu, juu eujenoli inayeyuka kwa mafuta vizuri kuliko kwa maji, na jirani wa juu huwa ananipigia kuuliza tunapika nini.