Kabla Hujanunua Poti: Dalili za Mtoto Aliye Tayari Kuacha Nepi

Umri ndio kipimo kinachotajwa sana, na ndicho kinachopotosha sana. Watoto wengi huanza kuonyesha dalili kati ya miezi 18 na 30, wengine wanafika miaka 3 bado hawajali, na wote ni wazima. Mtoto wa jirani aliyeacha nepi mapema hakuambii lolote kuhusu wa kwako. Kinachokuambia ni nepi yenyewe.

Kwa siku 4 au 5, ikague kila baada ya saa moja tangu mtoto anapoamka mpaka anapolala, na uandike: kavu, mkojo, au choo. Kibofu cha mtoto mchanga hujimwaga chenyewe mara kwa mara. Akikua, kinaanza kuhifadhi, na kwenye miaka 2 wengi hubeba kama mililita 90 hadi 120. Kwa hiyo unachotafuta ni nepi iliyokaa kavu angalau saa 2 mfululizo mchana, kisha ikalowa kwa wingi mara moja. Akiamka mkavu baada ya usingizi wa mchana, ni dalili nzito zaidi. Ukikuta unyevu kidogo kila unapokagua, subiri. Ukilazimisha sasa, atakayefundishika ni wewe: utajua kumkimbiza chooni kwa saa, naye hatajua chochote.

Angalizo moja kuhusu nepi za kutupa: zinanyonya mno, na mkono unaweza kukudanganya kuwa ni kavu. Tandika kipande cha kitambaa cha pamba ndani yake siku hizo za ukaguzi. Kitakuonyesha ukweli, na mtoto mwenyewe atauhisi unyevu ambao nepi humficha.

Kavu peke yake haitoshi, lazima mtoto ajue kinachotokea mwilini mwake. Ujuzi huu huja kwa hatua. Kwanza anajua baada ya tendo: anavuta nepi, anatembea miguu imetanuka, anakuletea nepi safi. Baadaye anajua wakati linatendeka: anaacha kucheza ghafla, anachuchumaa, uso unamwiva. Mwisho anajua kabla, hata kama ni sekunde chache tu. Kati ya hatua na hatua zinaweza kupita wiki au miezi. Mafunzo yanashika vizuri mtoto anapotoka hatua ya pili kuingia ya tatu, na dalili ya wazi ya mpito huo ni kujificha. Mtoto anayekwenda nyuma ya pazia au kwenye kona kupata choo amehisi haja mapema, ameibana, ametafuta mahali, ndipo akaiachia. Hiyo ndiyo kazi yote ya chooni, bado poti tu! Usimcheke wala usimfukuze pale kwenye kona. Mwambie kwa sauti ya kawaida, “Unapata choo,” ili ahusishe hisia na neno.

Maneno yenyewe yachagueni mapema, na kila anayemlea ayatumie yaleyale. Neno la mafumbo linaloeleweka nyumbani tu litamponza siku atakayoachwa kwa mtu mwingine. Awe pia anafuata agizo lenye sehemu mbili, kwa mfano “chukua kiatu, kiweke mlangoni”, kwa sababu kwenda chooni ni maagizo kadhaa yanayofuatana. Upande wa mwili, akae na kuinuka kwenye kiti kifupi bila kushikwa, na aweze kushusha bukta ya mpira. Suruali za vifungo na za mikanda ya mabegani ziweke kando. Huwalowesha hata watoto waliowahi.

Dalili inayodanganya wazazi wengi ni hamu. Mtoto anakufuata chooni, anakalia poti na nguo zake, anafurahia kuvuta maji. Ni jambo zuri, lakini huo ni mchezo wa kuiga, na ukiukuta peke yake usiharakishe. Kinyume chake pia kipo: mwili uko tayari lakini mtoto yumo kwenye kipindi cha kusema “sitaki” kwa kila kitu. Hapo utageuza poti kuwa uwanja wa vita, na kwenye kubana mkojo na choo mtoto hukushinda. Vivyo hivyo kama mdogo wake amezaliwa juzi, mmehama, au ametoka kuugua: acha wiki kadhaa zipite.

Kuna kizuizi kimoja ambacho hakina subira: choo kigumu. Mtoto aliyeumia akipata choo huanza kukibana. Kikikaa ndani kinazidi kukauka, kinamuumiza zaidi, naye anabana zaidi. Ukimwona anakaza makalio na kusimama kwa vidole, usidhani anasukuma. Mara nyingi anazuia. Wakati mwingine choo chepesi hupenya pembeni ya kile kigumu na kuchafua chupi, mzazi akadhani ni kuhara au ukaidi. Mpeleke kwa mhudumu wa afya, choo kilainike kwanza, apate wiki kadhaa za kujisaidia bila maumivu, ndipo uendelee.

Dalili zikitimia, mkalishe kama dakika 15 hadi 30 baada ya mlo, kwani chakula kikiingia tumboni huamsha utumbo mpana. Dakika 3 hadi 5 zinatosha. Nyayo ziguse chini na magoti yawe juu kidogo ya nyonga. Kwenye choo cha kukalia cha watu wazima weka kiti kidogo juu yake na kigoda miguuni, kwa sababu miguu inayoning’inia humzuia kusukuma. Mvulana naye aanze kwa kukaa. Msichana apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma. Usimpunguzie maji ya kunywa eti asijikojolee. Baada ya wiki 2, kama bado analowa karibu kila mara, rudisha nepi bila maneno na ujaribu tena baada ya mwezi mmoja au miwili.

Mtoto anayedondosha mkojo muda wote bila kukauka, anayelia akikojoa, mwenye damu kwenye mkojo, au aliyekaa mkavu miezi 6 kisha akarudia kujikojolea huku akinywa maji mengi kuliko kawaida, aonwe na daktari mapema.

Usiku usiuchanganye na haya. Ukavu wa usiku hutegemea homoni inayopunguza mkojo wakati wa usingizi na uwezo wa kuamka kibofu kikijaa, na hayo hayafundishwi kwa poti. Si ajabu mtoto kulowesha kitanda mpaka miaka 5 na zaidi. Mvike nepi usiku mpaka aamke mkavu asubuhi nyingi mfululizo, hata kama mchana hazigusi tena.