Jicho kavu linalotoa machozi

SWALI: Daktari, pole na kazi. Nina umri wa miaka 56. Miaka minne iliyopita nilitolewa kizazi pamoja na ovari, na tangu hapo ninameza vidonge vya estrojeni kwa ajili ya joto la ghafla na jasho la usiku. Sasa macho yananikereketa kama yaliyoingia mchanga, na upepo ukivuma kidogo tu machozi yananitiririka. Dada yangu anasema niongeze dozi, kwa kuwa ukavu wa umri huu wote hutibiwa kwa homoni. Je, ni kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mama, tafadhali usiongeze dozi. Ukavu wa uke hakika hupungua kwa estrojeni, ila jicho lina mambo yake. Mwaka 2001 yalitolewa Marekani matokeo ya utafiti wa wanawake zaidi ya 25,000 waliokoma hedhi: waliotumia estrojeni peke yake, kama wewe, walikuwa na uwezekano wa kupata macho makavu uliozidi kwa asilimia 69 ule wa wasiotumia homoni, na waliochanganya na projesteroni, homoni nyingine ya kike, kwa asilimia 29. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba vidonge ndivyo vilivyokuletea tatizo, lakini hautupi sababu yoyote ya kuviongeza.

Kwenye ukingo wa kope kuna tezi ndogo zinazotoa mafuta, nayo hutanda juu ya machozi kama mafuta yanavyotanda juu ya mchuzi, yakizuia maji yasikauke upesi. Tezi hizo hutegemea zaidi homoni za androjeni, yaani homoni za kiume, ambazo mwanamke pia anazo, na sehemu yake hutoka kwenye ovari ulizotolewa. Mafuta yakipungua, maji hukauka, jicho huwashwa, na mwili huleta machozi mengi mepesi yasiyokaa jichoni. Ndiyo maana unalia ilhali jicho ni kavu.

Hata hivyo, usiache vidonge kwa uamuzi wako, kwani vinalinda pia mifupa yako. Zungumza na daktari wako wa wanawake kuhusu dozi. Kila asubuhi na jioni weka kitambaa safi chenye uvuguvugu juu ya kope ulizofumba kwa dakika tano hadi kumi, kisha uzikande taratibu kuelekea kwenye ukingo, na utumie machozi ya bandia. Matone yenye steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe), ambayo wengi hujinunulia dukani bila cheti, naomba uyaepuke kabisa: yanaweza kupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho. Mweleze daktari wa macho dawa zako zote, hata za mafua na mzio, maana baadhi hukausha macho, na kama kinywa nacho kinakauka usiache kumwambia.

Jicho moja likipoteza nuru ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo, kwa kuwa vidonge vya estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda.