Sanaa Isiwe Pambo la Data

Kila mwanafunzi anayeniletea pendekezo la utafiti wa kuunganisha sanaa na ikolojia namuuliza swali moja: tukiiondoa kazi yako ya sanaa, utafiti utapungukiwa na nini? Wengi hujibu kwamba matokeo hayatawafikia watu. Jibu hilo halinitoshi. Kama ni hilo tu, sanaa imeitwa mwishoni kupamba yale ambayo wanasayansi wamekwisha kuyajua.

Mfano ninaoupenda ni Revival Field ya Mel Chin. Mwaka 1991, kwenye dampo la Pig's Eye mjini St. Paul, Minnesota, msanii huyu na Rufus Chaney, mtafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walipanda mimea inayofyonza metali za kadimi na zinki zilizochafua udongo. Chaney alikuwa amelipendekeza wazo hilo miaka ya nyuma. Bustani ilikuwa duara ndani ya mraba: mimea ikapandwa ndani ya duara, na eneo lililobaki pembeni likawa la kulinganishia. Mchoro uleule ndio umbo la sanaa, na ndio mpango wa jaribio. Ukiufuta, vyote viwili vimekwenda.

Kwa hiyo mtafute mwanaikolojia kabla hujaamua kama utachonga, utachora au utarekodi sauti. Usiende kumwomba takwimu. Fuatana naye uwandani, msaidie kubeba vifaa, kisha muulize ni jambo gani linamsumbua ambalo vipimo vyake havilinasi. Mimi nilifuatana na mtaalamu wa ndege wa ardhioevu nikiwa na nia ya kuchora ndege. Kumbe kilichomkosesha usingizi ni matete ya ukingoni: yalikuwa yakirudi nyuma polepole, na fomu yake ilikuwa na nafasi ya kuandika yapo au hayapo, basi. Nikawaacha ndege. Nikawa nasimama palepale kila msimu, nikiuchora ukingo uleule kwa skeli ileile. Michoro hiyo sasa imo kwenye kumbukumbu zake za utafiti, na bado naiona kuwa kazi yangu bora kisanaa, kwa sababu nidhamu ile ilinifundisha kuona.

Andika maamuzi yako siku hiyohiyo: kwa nini ulisimama hapa, kwa nini ulibadili rangi. Watahini watakuuliza, na kazi yenyewe haitakujibia. Vibali vya kuchukua sampuli viombwe mapema. Chunguza pia malighafi zako. Sanamu ya resini, ambayo yenyewe ni aina ya plastiki, kuhusu uchafuzi wa bahari inahitaji hoja nzito sana kuitetea.

Na kabla hamjaanza, kubalianeni kwa maandishi nani atamiliki michoro, nani atamiliki data, na majina yatapangwaje kwenye chapisho na kwenye ukuta wa maonyesho. Msanii akiandikwa kwenye shukrani tu, kataa.