Nyayo kuwaka moto kwa anayemeza dawa za TB

Dada wa Mbale, pole sana. Umesema mzee wako yuko mwezi wa pili wa dawa za TB, nyayo zinamwaka moto usiku, na sasa anataka kuziacha. Asiziache, tafadhali!

Moto huo unatoka kwenye neva, mishipa ya fahamu. Seli ya neva ina mwili wenye kiini, vitawi vya kupokea habari, na mkia mwembamba wa kuzipeleka, aksoni. Mkia unaofika kidoleni mwa mguu huanzia mgongoni, karibu mita 1, na mingi imefunikwa na maelini, utando wa mafuta, kama plastiki juu ya waya. Iliyo mirefu ndiyo huumia kwanza, basi ganzi huanzia miguuni. Isoniazidi, mojawapo ya dawa za TB, hupunguza vitamini B6, na neva haziwezi bila hiyo.

Mrudishe kituo anakochukulia dawa, uulizie piridoksini, yaani hiyo vitamini B6. Kipimo wapange wao. Wapime na sukari.

Kila jioni mkague nyayo. Mama yangu aliota moto wa sigiri akatoka malengelenge bila kuhisi chochote.

Miguu ikilegea au mkojo ukimtoka wenyewe, hospitali siku hiyohiyo.