Je, mume wangu ni wa kizazi cha Narcissa Whitman?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Ninaishi Portland, Oregon, na mume wangu ni Mmarekani. Kwao husimuliwa kwamba bibi yao wa kale alikuwa binti wa Narcissa Whitman, yule mmisionari aliyevuka Milima ya Rocky. Tuna jina la kwanza la bibi huyo, jina kamili la mumewe, na habari kuwa waliingia Oregon wakiwa wanandoa mwaka 1852. Nitahakikishaje?

JIBU: Dada, hilo la Whitman liwekeni kando mapema. Narcissa alizaliwa Prattsburgh, New York, mwaka 1808, akaolewa na Marcus Whitman mwaka 1836 na kuvuka milima mwaka huohuo. Alizaa mtoto mmoja tu, Alice Clarissa, ambaye alizama mtoni mwaka 1839 akiwa na miaka miwili. Narcissa na mumewe waliuawa Novemba 29, 1847, Wakayuse, wenyeji wa eneo hilo, walipovamia misheni yao ya Waiilatpu baada ya surua kuwafyeka watu wao. Damu yake haina mjukuu wala kitukuu. Alilea watoto wa wengine, wakiwemo mayatima saba wa familia ya Sager, na baadhi ya mabinti hao waliolewa wakazaa. Lakini hao waliingia Oregon mwaka 1844, si 1852.

Sasa tumtafute bibi wenu mwenyewe. Ugumu wake ni kwamba karatasi nyingi za zama zile zinamtaja mume, na mke hujificha nyuma yake. Kwa hiyo mfuate huyo mume, lakini uanze kwa watoto wao. Oregon ilianza kuandikisha vifo jimbo zima mwaka 1903, na cheti cha kifo huwa na nafasi ya jina la mama kabla hajaolewa. Tafuteni vyeti vya watoto wote, si cha yule mnayetokana naye tu, maana aliyetoa maelezo huenda alikuwa mkwe asiyejua lolote.

Kisha sensa. Ya 1850 ndiyo ya kwanza kumtaja kila mtu huru kwa jina; kabla ya hapo aliandikwa mkuu wa kaya peke yake. Mwaka huo walikuwa bado hawajasafiri, hivyo msiwatafute Oregon. Angalieni sensa za baadaye, msome mahali alipozaliwa kila mtoto: wa kwanza Ohio, wa pili Illinois, wa tatu Missouri, wa nne Oregon. Mkiipata safu kama hiyo, mmeipata njia waliyopita. Sensa ya 1880 inaeleza wazazi wa kila mtu walizaliwa wapi. Ya 1890 karibu yote iliharibika kwa moto wa 1921 mjini Washington. Ya 1900 inamuuliza mama amezaa wangapi na wangapi wako hai. Hapo ndipo hujitokeza watoto ambao familia imeshawasahau.

Lakini hazina yenu kubwa ni ardhi. Sheria ya Oregon ya 1850 iliwapa wanandoa waliofika mwaka kama wenu ekari 320, nusu ikiwa ya mke kwa haki yake mwenyewe. (Ardhi ilianza kugawiwa kabla ya mikataba na wenyeji wake, nalo mwaeleze watoto.) Kwa sababu ekari 160 zilitegemea ndoa, mwombaji alitakiwa kuithibitisha. Jalada la dai hutaja tarehe na mahali alipozaliwa mume, siku waliyofika Oregon, lini na wapi walioana, na jina la kwanza la mke. Lipo Nyaraka za Taifa za Marekani, na mihtasari yake imechapishwa. Maktaba za Portland zitawasaidia.

Mkishajua kaunti walikooana, ombeni kitabu cha ndoa cha kaunti hiyo, kwani humo ndimo jina la ukoo wake lilimo. Kikiwa kimeungua, someni upya sensa ya 1850 hapo hapo: familia za jirani zilizokuja kuhamia Oregon pamoja nao mara nyingi ni za kaka zake. Na kama mume alipigana vita yoyote akamtangulia kufa, ulizieni jalada la pensheni ya mjane. Wajane walitakiwa kuthibitisha ndoa, na wengine walituma hata kurasa zilizochanwa kwenye Biblia ya familia.